Watoto wa Kikundi B

Mwalimu Telesphory alikwenda Kemoronge kwa mwaka mmoja tu. Ndivyo alivyomwambia mkewe Winfrida siku anapanda basi Bukoba, na ndivyo alivyojiambia mwenyewe alipoteremka Tarime mjini na begi moja na godoro lililofungwa kamba. Mwaka huo mmoja ulikua, ukaota meno, ukafika umri wa kuandikishwa darasa la kwanza, naye bado yupo. Barua za uhamisho aliandika mpaka karani wa masjala wilayani akaujua mwandiko wake gizani. Jibu halikubadilika: shule yako ina upungufu wa walimu wa hisabati, subiri.

Mtu akikuta mlango umefungwa hutafuta dirisha. Telesphory akajiandikisha shahada ya uzamili, masomo ya masafa, katika teknolojia ya kufundishia. Chuo kimoja cha ualimu karibu na kwao kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa somo hilo hilo, na mkuu wa chuo alimwambia wazi kwa simu: leta barua ya kuhitimu kabla ya tarehe thelathini Juni, kazi ni yako; ikichelewa siku moja, kuna mwingine nyuma yako kwenye foleni. Winfrida alikuwa muuguzi umbali wa dakika ishirini kutoka chuo hicho. Mtoto wao wa mwisho, Gift, alikuwa amejifunza kutamka "baba" kwa kuitazama simu.

Sasa, kusoma uzamili Kemoronge si jambo la kuhadithiwa haraka. Kijiji kipo nyuma ya vilima, ukitoka mjini unaelekea upande wa Kewanja, na mtandao ulikuwa unapatikana juu ya jiwe moja tu, kubwa kama nyumba ya mfugaji mwenye wake watano. Juu ya jiwe hilo Telesphory alisikiliza mihadhara miaka miwili, mwavuli mkono mmoja, simu mkono wa pili. Upepo wa pale ulikuwa na nguvu hata ukurasa wa rasimu yake ulipeperuka ukaokotwa Sirari, mpakani, na aliyeuokota akaurudisha akiwa amesahihisha koma mbili. Ng'ombe mmoja mweupe alihudhuria somo la takwimu mwanzo hadi mwisho bila kukosa kipindi. Watu wanasema angepewa mtihani asingepata chini ya B.

Kijiji nacho kilimwelewa kwa namna yake. Kusikia mwalimu anasomea teknolojia, wakamletea redio zilizokufa, pasi, pampu za kunyunyizia dawa ya kupe, na mashine moja ya kusaga iliyobebwa na wanaume wanne. Aliposema hizo haziwezi, walimsikitikia. "Sasa kama ya pili inashindwa redio," aliulizwa na Mzee Matiko, "ile shahada ya kwanza ulisomea nini, mura?"

Matiko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa na wake wawili: Gati, mkubwa, na Teresia, mdogo. Kila mmoja na nyumba yake, jiko lake na shamba lake. Mtoto wa Gati, Heche, na mtoto wa Teresia, Mokami, walipishana miezi minne kuzaliwa na wote walikuwa Darasa la Sita. Mambo yote ya Telesphory yalikuja kuharibikia hapo, kwenye miezi minne hiyo.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Chuo kikuu kilimwazima vishikwambi ishirini. Darasa la Sita lilikuwa na wanafunzi sabini na sita. Kompyuta iliwagawa kwa kura, nusu kwa nusu: Kikundi A wajifunze hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa vishikwambi, Kikundi B wabaki na chaki na ubao. Baada ya wiki kumi, mtihani mmoja kwa wote. A wakiwapita B, tasnifu imesimama. Ila sharti lilikuwa moja, na msimamizi wake, Dokta Clement, alilirudia kama baba anayemkanya mtoto asicheze na moto: B wasiguswe. Wakiguswa na kile wanachopata A, hakuna tena cha kulinganisha.

Kura ikamweka Heche A. Mokami ikamweka B.

Januari, Telesphory aliita wazazi akawaeleza kila kitu. Nusu watapata, nusu hawatapata, na hao wasiopata wana umuhimu wao pia. Hakuna aliyebisha. Matiko alisimama akafunga kikao kwa neno moja: "Tumeelewa." Telesphory akaliandika neno hilo kwenye sura ya tatu ya tasnifu, chini ya kichwa kinachosema ridhaa ya jamii.

Mei, akasahihisha mtihani.

Karatasi za A zilikuwa nzuri. Wastani wao, asilimia sitini na moja. Akamimina chai, akavuta fungu la B, na kwenye karatasi ya tatu akarudisha kikombe mezani. Mtoto alikuwa amejibu swali la robo tatu kwa kuchora boga limekatwa na kandambili. Karatasi ya nne, boga na kandambili. Ya saba, ya kumi, ya ishirini: maboga matupu, na kila boga na kandambili yake.

Boga hilo lilikuwa lake. Alilichora mwenyewe kwa ajili ya vishikwambi, boga la njano na kisu cha bluu, na kwa kuwa Mungu hakumpa mkono wa kuchora, kisu kilitoka kama kandambili. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukata boga kwa kandambili. Na B hawakupaswa kuliona hata kwa mbali.

Wastani wa Kikundi B ulikuwa sitini na nne.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimwita Mokami ofisini. Mokami alikuwa amepata tisa kati ya kumi.

"Boga hili umelitoa wapi?"

"Kwa Heche, mwalimu."

"Alikuonyesha kishikwambi?"

"Hapana, si mnavifungia kabatini. Anachora chini, kwa mkaa. Kila siku tukitoka kunywesha ndama."

"Nani kawaambia mfanye hivyo?"

Mokami alimtazama kama anayeulizwa nani kawaambia watu wale. "Baba. Alisema kilichoingia kwa mama mkubwa lazima kiingie na kwa mama."

"Na wenzako wa B?"

"Kwao pia. Kila mtu ana wake. Asiye na ndugu A amepewa jirani." Akafikiri kidogo. "Heche mwanzoni alikuwa hajui, mwalimu. Nilikuwa namuuliza mpaka analia. Ndiyo akawa anasikiliza darasani."

Telesphory alibaki na karatasi mkononi. Miaka miwili ya mihadhara juu ya jiwe, vitabu vya watu wenye majina ya kuvunja ulimi, wote wakihangaika kutafuta namna ya kumfanya mtoto afundishe mwenzake, na hapa kijiji kizima kilikuwa kimefanya hivyo kwa mkaa kwa sababu ya wivu wa wake wenza. Angekuwa mtu huru angecheka mpaka akae chini. Lakini alihesabu siku mpaka thelathini Juni, akaona hakuna cha kuchekwa.

Akapanda jiweni kumpigia Dokta Clement.

"Kikundi linganishi kimechafuka, ndugu yangu," Clement alisema baada ya kusikiliza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. "Ulicho nacho ni kitu kingine kabisa. Pengine kizuri zaidi, lakini kinataka pendekezo jipya, kibali kipya, sura ya pili mpya. Sema mwaka."

"Sina mwaka, Dokta."

"Najua. Utetezi wako uko tarehe ishirini Juni, na mimi nasubiri fomu ya uwandani. Ile anayogonga muhuri mwenyekiti wa kijiji kwamba Kikundi B hakikuguswa, pamoja na orodha ya alama. Ikija imegongwa, tunaendelea. Isipogongwa, tunaahirisha. Wewe ndiye uliyekuwa huko."

Simu ikaisha. Telesphory akakaa juu ya jiwe na kompyuta magotini, jua la saa tisa likimchoma shingoni. Akafungua jedwali la alama. Akaanza na mtoto wa kwanza wa Kikundi B, akamtoa saba akampa nne. Wa pili, kutoka nane, tatu. Mara ya kwanza kidole kilisita, mara ya kumi kikazoea, na alipofika thelathini alikuwa anawashusha kama wapagazi wanavyoshusha magunia ya mahindi kwenye lori, pasipo kutazama ni gunia la nani. Mokami, tisa, akampa tatu. Ilipofika jioni wastani wa B ulikuwa arobaini na moja, na tasnifu ilikuwa imesimama wima.

Jumatano alikwenda kwa Matiko na fomu ndani ya bahasha ya kaki. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya Teresia, kwa kuwa wiki hiyo ilikuwa ya nyumba hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Teresia, lete uji, Mhaya kaja na bahasha. Watu hawa wakija na bahasha wanakuwa hawajala."

Uji ukaletwa kwenye kibuyu. Teresia akasalimia akarudi jikoni, ila hakwenda mbali, maana moshi ulikuwa unatoka na yeye alikuwa ameegemea mlango.

"Nahitaji muhuri wako, mzee. Ni ya masomo yangu. Ndiyo ya mwisho."

"Muhuri tu?" Matiko alinyoosha mkono kwenye kopo la kahawa lililokuwa kando ya kigoda. Muhuri wa kijiji ulilala humo pamoja na misumari na kifuko cha ugoro. Akaupulizia, akaukandamiza kwenye wino, akauinua. Telesphory akasogeza fomu karibu.

"Inasemaje?" Matiko akauliza, muhuri bado hewani.

"Kwamba utafiti ulifanyika kijijini kwako kwa utaratibu."

"Kweli. Umefanyika." Lakini Matiko alikuwa mtu wa kusoma, alisoma hata vifungashio vya dawa ya mifugo mpaka mstari wa kiwanda. Akavaa miwani. Midomo ikawa inatembea. Muhuri ukashuka taratibu ukalala gotini, ukamwacha alama ya zambarau kwenye suruali.

"Hapa Heche ana nane."

"Ndiyo, mzee."

"Hapa Mokami ana tatu."

Jikoni sufuria iliwekwa chini.

"Mwalimu," alisema Teresia kutoka mlangoni, kwa adabu kabisa, "huyo Mokami mwenye tatu ni yupi? Maana wa kwangu ulimtuma juzi akukagulie madaftari ya Darasa la Tano."

Telesphory akaeleza. Alieleza vizuri, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi yake. Kwamba chuo kinataka iwe hivi. Kwamba ni namba tu, kule hakuna anayemjua Mokami. Kwamba akipata barua ya kuhitimu atakwenda kuishi na mkewe na watoto wake, na isipopatikana kabla Juni haijaisha nafasi inakwenda kwa mwingine. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Matiko hakukisikia siku ya redio.

Matiko alisikiliza mpaka mwisho. "Hii karatasi itakaa wapi?"

"Chuo kikuu. Maktaba."

"Miaka mingapi?"

"Inahifadhiwa moja kwa moja."

"Basi sikiliza, mwanangu. Ungeniambia nigonge kwamba ng'ombe wangu wana mabawa, ningegonga, kwa sababu nakupenda na karatasi haiumi. Lakini hii inasema kitu kiliingia kwenye boma langu, nyumba moja ikala, nyingine ikakaa inatazama. Na mimi, baba yao, nimegonga kwamba ndivyo. Nikifa, watoto wa mama mmoja watasimama kwenye ritongo, baraza la mila, mbele ya wazee wote, waseme, tulijua siku zote, na hii hapa karatasi yenye muhuri wake. Nimetawala wake wawili miaka kumi na tisa bila kikao hata kimoja. Unajua nimelipia nini? Nikinunua kanga, mbili. Nikinunua taa, mbili. Mwaka ule nilipata baiskeli moja, nikaiuza."

"Niliwaambia Januari B wasiguswe, mzee. Ukasema tumeelewa."

"Tulielewa. Mgeni akija na nyama kilo moja, anampa aliyemkuta mlangoni. Hatumwambii umekosea kugawa. Kugawa ni kazi yetu."

Telesphory alitazama uji wake. "Naweza kutoa majina. Niweke namba."

"Na Teresia nimtoe masikio?"

Teresia hakucheka, ila alirudi ndani, jambo ambalo kwa nyumba hiyo lilikuwa sawa na kucheka.

"Andika ilivyokuwa," Matiko alisema. "Nitagonga mbele na nyuma."

"Nikiandika ilivyokuwa, nabaki hapa mwaka mzima. Na ile kazi imekwenda."

Matiko alivua miwani, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa ubaya wake uko wapi? Nina kipande cha ardhi pale Turwa, hakina kazi. Jenga. Mlete mama watoto, wauguzi tunawahitaji kuliko mvua. Nitakupa mtamba wa kuanzia. Mbona unakaa kama mtu aliyefungwa?"

Telesphory alishukuru kwa heshima zote, akaondoka na bahasha yake. Njiani watu wanne walimsalimia kwa jina, mama mmoja akamkabidhi mkungu wa ndizi ambao hakuuomba, na kila salamu ilimkaza kama mbuzi anayeongezewa fundo kwenye kamba.

Alhamisi alipanda bodaboda mpaka mjini, Nyamisangura, kwenye kibanda cha fundi wa mihuri. Dakika kumi tu, aliambiwa, mpira ninao. Fundi alichukua kalamu na kipande cha karatasi.

"Muhuri wa nani?"

"Wa kijiji."

"Jina la kijiji?"

Telesphory alifungua bahasha ampe fundi fomu anakili herufi, na orodha ikatoka ikiwa juu. Akajikuta anaisoma amesimama, watu wakipita na mifuko ya soko. Hakuwa amewatazama watoto hao siku ile jiweni. Sasa aliwaona mmoja mmoja, na viti vyao darasani. Miaka kumi na sita alikuwa amewapa watoto wa watu sifuri, amewapa moja, amewarudisha darasa, na akalala usingizi. Kabla ya siku ile jiweni, hakuwahi kumpa mtoto tatu kwa kupata tisa. Na huyu wa tisa alipatia kwa boga la Telesphory mwenyewe, akamlazimisha na kaka yake apatie.

"Mzee, jina la kijiji," fundi alirudia. "Kuna watu nyuma yako."

"Wahudumie," alisema Telesphory.

Aliandika usiku mmoja na asubuhi yake: A sitini na moja, B sitini na nne, na maelezo ya ndama, mkaa na nyumba mbili, kurasa saba. Matiko aligonga kama alivyoahidi, mbele na nyuma, kwa nguvu zilizofanya kuku wakimbie, kisha akapeleka fomu kwa Gati naye aione. Dokta Clement alijibu ujumbe mfupi: hizi kurasa saba ni bora kuliko tasnifu nzima, hongera, tunaahirisha. Mkuu wa chuo cha ualimu hakujibu kabisa.

Ikabaki simu moja, na hiyo aliichelewesha mpaka Jumapili. Alipanda jiweni baada ya ibada, wakati watu wanatawanyika njiani chini yake.

"Umemaliza?" Winfrida aliuliza badala ya salamu.

"Bado."

Nyuma ya Winfrida watoto walikuwa wanagombania kitu.

"Kiasi gani, bado?"

"Mwaka."

"Mwaka wa Tarime au mwaka wa watu?"

Akamwambia yote, na jedwali la uongo humo humo, na kibanda cha mihuri. Winfrida alisikiliza bila kumkatiza, na mtu aliyeoa anajua hiyo si dalili njema.

"Hao wa B," alisema mwishoni, "walipata ngapi ya kweli?"

"Sitini na nne."

"Na wa mashine?"

"Sitini na moja."

Pumzi ikamtoka puani, nusu yake kicheko. Kisha ikakauka. "Nimeolewa na simu miaka sita, Telesphory. Ulifanya sawa. Nakwambia ulifanya sawa, na nimekasirika, na sitaki unipoze."

"Sikupozi."

"Desemba nachukua likizo. Nakuja mimi. Wiki mbili, niwaone hao watu wanaokushikilia. Lakini usiwaambie. Sitaki kupokelewa, sitaki ngoma, nataka kukaa na mume wangu tu."

"Sitamwambia mtu," aliapa, na alikuwa anamaanisha.

Jumatatu asubuhi alikuwa anakwenda shuleni na funguo za kabati la vishikwambi mfukoni, ameamua wote sabini na sita wakae pamoja, A na B. Penye njia panda Matiko alikuwa anamsubiri, fimbo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, mama watoto anakunywa maziwa mabichi au ya mgando?"

Telesphory alisimama. Alitazama nyuma, jiwe likiwa pale kilimani, na njia ya kutoka kanisani ikipita chini yake, na akakumbuka namna alivyokuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayesemea mbali.

"Miezi saba, mzee. Bado mapema."

"Kibuyu kinatakiwa kitengenezwe. Viwili, maana kikitoka kwa Teresia, Gati naye atataka amkaribishe. Mabichi au mgando?"

Kengele ya kwanza ilikuwa inagongwa shuleni. Watoto waliochelewa walimpita mbio, wakimwamkia bila kusimama.

"Mgando," alisema Telesphory, akaendelea na njia.